Mpango wa mji ukipitiwa upya, sisi wa mtaani tuseme nini?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Itezi, Mbeya. Mtendaji ametutangazia kwamba wataalamu watakuja kuchukua maoni ya wananchi, kwa sababu mpango wa muda mrefu wa mji unatakiwa kupitiwa upya. Kaka yangu anaishi Mbagala, Dar es Salaam. Nilipomweleza akaniambia nisipoteze muda wangu: Dar wamechora mipango tangu enzi za Mwingereza, na mpaka leo mvua ikinyesha Jangwani hapapitiki. Naomba unifafanulie, kupitia mpango ni kufanya nini hasa? Tukienda mkutanoni tuseme nini? Na wenye viwanja wasimamishe ujenzi wasubiri mpango mpya?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka yako, maana hoja yake ina uzito, na wengi mnayo moyoni hata kama hamuisemi. Kuhusu Jangwani, pale kwenye bonde la Mto Msimbazi, amesema kweli. Lakini bonde lile halikujaa nyumba kwa sababu mpango ulikosea. Wataalamu walishajua zamani kwamba bonde la Mto Msimbazi ni la mafuriko, na mpango wa 1979 haukulitenga kwa makazi. Mpango ukakaa kabatini, mji ukaendelea kujengwa, na hakuna aliyerudi baada ya miaka mitano, kumi, kumi na mitano kuuliza: tulisema hapa pasijengwe, mbona pamejengwa, na sasa tunafanyaje? Kuuliza maswali hayo kwa utaratibu, ramani ikiwa mezani na hesabu za watu na fedha zikiwa mkononi, ndiko kupitia mpango. Kwa hiyo nenda mkutanoni, na uende umejiandaa.

Ngoja nikupe historia ya Dar kidogo, kwa sababu ndiyo shule yetu sisi wa bara. Kabla ya mpango wa sasa, jiji lile limekuwa na mipango kabambe, yaani mipango ya muda mrefu ya jiji zima, mitatu. Wa kwanza ni wa 1949, ulioandaliwa na kampuni ya Uingereza, Sir Alexander Gibb and Partners. Uliukuta mji umeshagawanywa kwa rangi ya watu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Waafrika Kariakoo na kuendelea, na uwanda wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenganisha. Hapa Mbeya nasi tuna Uzunguni na Uhindini yetu, kwa hiyo unaelewa ninachosema. Wa pili ni wa 1968 na wa tatu wa 1979, na yote miwili iliandaliwa na kampuni za Kanada. Ule wa 1979 ulikuwa wa miaka 20. Maana yake muda wake uliisha 1999.

Sasa tazama idadi ya watu. Sensa ya 1978 ilikuta wakazi wapatao 843,000 mkoani Dar es Salaam. Ya 2002 ilikuta karibu milioni 2.5, na ya 2012 ikakuta milioni 4.36. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mpango kabambe wenye nguvu ya kisheria ulikuwa bado uleule wa 1979. Si kwamba watu walilala. Mwaka 1992 ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na ulileta jambo jema ambalo mimi bado nalithamini: kuwakalisha pamoja wananchi, wafanyabiashara na maofisa wakabiliane na tatizo mojamoja, kama takataka, biashara ndogondogo au mabonde, badala ya kusubiri kitabu kimoja kikubwa. Utaratibu huo ukasambazwa kwenye miji mingine, Mbeya na Iringa zikiwamo. Lakini mpango kamili wa kushika nafasi ya ule wa 1979 ulichelewa mno, hadi ukaja huu wa 2016 mpaka 2036.

Katika pengo hilo mji haukusubiri. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu Dar na kuwaacha maelfu bila makazi, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Hata baada ya hapo, karakana ya mabasi yaendayo haraka ilikuwa palepale Jangwani, na maji yakaifuata mara kwa mara. Naitaja hiyo karakana kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kumlaumu mwananchi mnyonge aliyejenga bondeni wakati majengo ya umma nayo yanaingia mlemle. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na sehemu ya kazi yenyewe ni kuwalipa watu wahame na nyumba zao zibomolewe. Fedha hizo zitalipwa na wajukuu. Kulilinda bonde likiwa tupu kungegharimu vibao, mgambo na msimamo. Inaniuma kila ninapoifikiria.

Ninyi wa Itezi hamhitaji mfano wa Dar ili mnielewe. Aprili 2024 tope liliposhuka kutoka Mlima Kawetere likafukia nyumba na kuvamia shule, mliona wenyewe. Kwenye mpango wa mji lazima pawe na mstari chini ya mlima ule, unaosema juu ya hapa hapajengwi. Kwa hiyo swali la kwanza mtakalouliza mkutanoni ni hili: mstari huo upo? Kama upo, umepita wapi, tuonyesheni kwa kidole. Na nyumba ambazo tayari ziko juu yake zitafanywaje? Msikubali jibu la jumla la "eneo hatarishi limezingatiwa". Mwambieni mtaalamu ataje nyumba ya mwisho iliyo salama na ya kwanza isiyo salama. Akishindwa, mstari bado haujachorwa.

Nikueleze sasa utaratibu wenyewe. Kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya mkoloni ya 1956, halmashauri ya jiji ndiyo mamlaka ya upangaji. Yenyewe ndiyo inayoandaa mpango wa jumla kwa kuwashirikisha wananchi, unapita kwenye Baraza la Madiwani, unaidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Kwa kawaida mpango ni wa miaka 20 na unatakiwa kupitiwa kila baada ya miaka mitano. Chini yake inafuata michoro ya kina, ile mnayoiita TP, inayoonyesha kiwanja kimojakimoja, halafu upimaji, bikoni na hati. Watu wengi huamka siku wanapomwona mpimaji na mashine yake. Siku hiyo mambo makubwa yamekwishaamuliwa: barabara pana itapita wapi, shule ya sekondari itakaa wapi, bonde lipi litaachwa wazi. Wewe umebahatika kuitwa mapema.

Na ndani ya kazi ya kupitia mpango, hatua ambayo wananchi huipuuza kuliko zote ni ile ya mwanzo, ya kuchora hali halisi. Vijana watapita mitaani na vishikwambi, wakiwa na picha ya satelaiti au ya droni, wakiandika kila jengo linatumika kwa nini. Picha ya juu ina udanganyifu wake. Bati jipya linang'aa, bati lenye kutu linafanana na udongo, na nyumba iliyofunikwa na migomba na miparachichi haionekani kabisa. Chekechea iliyo ndani ya nyumba ya mtu huandikwa makazi. Makaburi ya ukoo yaliyozungukwa na miti huandikwa kichaka. Korongo ambalo kiangazi ni kavu huandikwa njia, au haliandikwi chochote. Kisha ramani hiyo inapelekwa ofisini, na kila hatua inayofuata inasimama juu yake. Palipoandikwa kichaka panaonekana patupu, na mchoraji anayetafuta pa kuweka soko au stendi anapaona pamemfaa. Mimi ningekuwa mjumbe wa mtaa ningeacha maneno yote mengine, nikaomba ramani ya hali halisi ibandikwe ofisi ya kata wiki nzima, wazee na vijana waje waisome nyumba kwa nyumba. Rangi zinazopendeza za mwaka 2040 na kitu zinaweza kusubiri.

Hatua ya pili ni hesabu ya watu. Hapa nitakufanyia hesabu fupi ili mkisikia takwimu mkutanoni zisiwatishe. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ya 2022 ikakuta 541,603. Ni ongezeko la karibu asilimia 41 kwa miaka kumi. Kasi hiyo ikiendelea, mwaka 2042 tutakuwa kama milioni 1.07, yaani watu wengine zaidi ya laki tano watahitaji mahali pa kulala ndani ya mpaka huuhuu, uliobanwa na milima upande mmoja. Tukiwapanga watu 50 kwa hekta, barabara, shule na maeneo ya wazi yakihesabiwa humo, tunahitaji hekta zaidi ya 10,000. Tukiwapanga 100 kwa hekta, zinatosha hekta 5,300 hivi. Tofauti hiyo ya hekta 5,000 na zaidi ni mashamba ya mahindi, viazi na maharage ya Uyole, Igawilo na kwingineko. Ni kilomita za mabomba ambayo mamlaka ya maji italazimika kuyatandaza. Ni nauli ya bajaji ya mama anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kuuza Mwanjelwa. Kwa hiyo mtaalamu akisema "makazi ya ujazo wa kati", mwulizeni: watu wangapi kwa hekta, na ardhi hiyo inatoka kwa nani?

Msimamo wangu uko wazi: tujenge kwa kubanana zaidi na kwenda juu kidogo kuliko tulivyozoea. Ninajua kila mmoja wetu anatamani nyumba yenye uwanja, bustani ya mboga na banda la kuku. Lakini mji unaotambaa hadi Inyala kwa nyumba mojamoja hautapata lami, maji wala mfereji wa mvua, kwa sababu hakuna halmashauri yenye fedha za kuufuata.

Hesabu ya watu ina mtego mwingine, na Dar imetuonyesha. Kati ya 2012 na 2022 mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kwa asilimia 23 tu, kutoka milioni 4.36 hadi 5.38. Ungedhani kasi imetulia. Angalia Pwani katika miaka ileile: kutoka karibu milioni 1.1 hadi milioni 2.02. Mji umevuka mpaka ukaingia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, watu wanalala mkoa mmoja na kufanya kazi mkoa mwingine. Mpango unaokomea kwenye mpaka wa mkoa unapanga nusu ya mji. Sisi nasi tuko hivyohivyo. Ukitoka Iyunga ukapita Iwambi hadi Mbalizi huoni mahali mji unapokoma, ila Mbalizi iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, yenye madiwani wake, bajeti yake na maofisa wake. Ulizeni kama halmashauri hizo mbili zimekaa meza moja. Maji ya mvua hayajui mpaka wa halmashauri, na lori halijui.

Hatua ya tatu ni kuangalia nini kikubwa kimetokea ambacho mpango wa awali haukukijua. Tanga ni mfano mzuri kwa upande wa pwani: Chongoleani imegeuka kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mji wa namna hiyo hauwezi kuendelea na makadirio ya zamani ya ajira, nyumba na malori. Pwani pia wana bahari inayokula fukwe, mpaka Dar wakajenga ukuta kando ya barabara ya Barack Obama. Sisi badala ya bahari tuna miteremko. Na tuna matukio yetu. Uwanja wa ndege wa Songwe ulifunguliwa 2012, ule wa zamani uliozungukwa na makazi ukapoteza kazi yake. Barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, inabadilisha kabisa namna watu watakavyovuka kutoka upande mmoja wa mji kwenda mwingine. Tena usisahau kwamba bandari ya Dar inaishi hapa kwetu. Kila mzigo unaoongezeka kule kwenda Malawi kwa barabara unakata kona Uyole kuelekea Kasumulu, na wa Zambia na Kongo unapita katikati ya mji wetu kwenda Tunduma. Dar wakipanga kupanua bandari, sisi tunapaswa kupanga maegesho ya malori, vivuko vya watoto wa shule na mahali pa kupakulia, la sivyo malori yatajipangia yenyewe mbele ya milango yetu.

Hayo matatu ndiyo yanayozungumzwa kwenye mikutano. Kuna la nne, na hilo ndilo linaloua mipango: ardhi na fedha.

Halmashauri ikipaka rangi kwenye ramani haijawa mwenye ardhi. Chini ya rangi hiyo kuna shamba la mtu. Mpango ukishajulikana, wa kwanza kuusoma ni madalali. Shamba la ekari mbili lililotengwa kwa sekondari linakatwa vipande vya hatua 20 kwa 20, karatasi za mauziano zinasainiwa mbele ya mashahidi, na kabla ya masika mbili kupita pana misingi ya nyumba, choo cha shimo na duka. Mwenye shamba nisimlaumu. Ana ada za watoto, na hakuna aliyemwambia atalipwa lini. Mnunuzi naye anatafuta pa kulala. Miaka mitano baadaye wapitia mpango wanakuta nyumba 40, wanaifuta shule, wanaisogeza mbele kwenye shamba jingine. Hiyo nayo huitwa kupitia mpango. Mimi naiita kuandika tu kilichokwisha kutokea.

Ipo njia bora, na Dar iliijaribu. Mwaka 2002 ulianza mradi uliojulikana kama Viwanja 20,000. Serikali iliwalipa fidia wenye mashamba kwanza, ikapima, ikauza viwanja, na fedha ya mauzo ikarudisha gharama. Kibada, Tuangoma, Bunju na Mbweni vilitoka humo, na ukipita leo unaona barabara zimenyooka. Dosari zilikuwapo: viwanja vingi vilikuwa vikubwa na bei yake haikumfikia mtu wa kipato cha chini, na maji na umeme vilichelewa kufika. Hata hivyo somo linabaki. Ardhi ililipiwa kabla ya kuchorwa, na nafasi za barabara zikapona. Wataalamu wakija Itezi waulizeni: kwa kila eneo la shule, soko, makaburi au barabara mnalolichora hapa, fedha ya kulichukua itatoka bajeti ya mwaka gani na ya nani? Pasipo jibu, pendekezeni maeneo machache ya lazima, muyalinde hayo, kuliko kuwa na orodha ndefu ya matumaini.

Sasa swali lako la kusimamisha ujenzi. Hapa sina budi kukusimulia habari ya Kigamboni, maana ndiyo iliyowatia watu hofu nchi nzima. Mwaka 2008 eneo kubwa la Kigamboni lilitangazwa kuwa la mji mpya. Wenye maeneo wakazuiwa kuendeleza na kuuza. Mipaka ya mradi ikapanuliwa, wakala wa kuusimamia ukaundwa, daraja la Nyerere likafunguliwa 2016, na mwishowe wakala ukavunjwa bila mji ule uliochorwa kujengwa. Kwa miaka yote hiyo mtu alikuwa na ardhi asiyoweza kuijenga, kuiuza wala kuiwekea rehani kwa uhakika. Nyumba zilizoanza kupasuka hazikukarabatiwa kwa kuogopa hasara. Kusubiri kwenyewe kulikuwa umaskini. Mpango unaomfungia mtu ardhi yake bila tarehe na bila fedha unamdhulumu, hata kama mchoro wake ni mzuri.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kazi ya kupitia mpango kuanza, peke yake, haimzuii mtu kujenga palipo halali. Zuio halitokani na maneno ya mkutanoni wala uvumi wa sokoni. Lazima kuwe na tangazo rasmi linalotaja eneo, sababu na muda. Mtu akikuzuia, mwombe tangazo hilo kwa heshima, usome tarehe. Aliye na kiwanja kilichopimwa na kibali cha ujenzi aendelee. Asiye na kibali akaombe, kwa sababu ofisa mipangomiji atakapolinganisha kiwanja na rasimu ndipo mwenye kiwanja atajua mapema kama yuko kwenye njia ya barabara. Lakini aliye chini ya Kawetere, palipoporomoka au karibu napo, huyo namwambia kama baba: usiongeze chumba hata kimoja mpaka ule mstari uchorwe. Na aliye kando ya mto akumbuke kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji, mpango uwepo usiwepo.

Kuhusu fidia, waelezeni watu mambo mawili, maana hapa ndipo wanapoonewa au wanapojidanganya. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Inahesabu thamani ya ardhi na nyumba sokoni, na pia usumbufu, usafiri na upotevu wa makazi au faida. Sheria ya Uthamini ya 2016 ikaongeza meno: malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, yanadai riba, na ikipita miaka miwili uthamini ule umekufa, lazima ufanywe upya. Anayefanyiwa uthamini aweke nakala ya fomu yake na aandike tarehe.

La pili ni hifadhi ya barabara kuu. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, ikaongezwa kuwa mita 30. Ndiyo sababu unaona ukutani alama ya X nyekundu kwa huyu na ya kijani kwa jirani yake. Nyekundu imewekwa kwa aliyeingia ndani ya zile 22.5 za zamani, hana fidia. Kijani ni yule aliyekutwa na nyongeza, huyo analipwa. Anayetaka kununua nyumba kando ya barabara achukue futi kamba kabla ya kuchukua mkopo.

Mkutanoni kwenyewe, usiende peke yako na usiende na hotuba. Chukua mzee anayekumbuka maji yalipita wapi miaka ya mvua kubwa, kijana wa bodaboda anayejua njia zote za panya, mama anayeuza mboga, na wapangaji pia. Wapangaji husahaulika kwa sababu hawana kiwanja cha kutetea, wakati wao ndio wengi wanaotembea kwa miguu na kutegemea choo cha pamoja, bomba la jirani na daladala. Kabla ya siku hiyo pitieni mtaa mzima kwa saa mbili na karatasi. Chora korongo kwa mkono, hata kama mchoro ni mbaya. Andika pale mwaka gani maji yalifika dirishani. Weka alama kwenye makaburi, visima, njia za watoto za kwenda shule, na pale gari la zimamoto lisipoweza kupita. Mtaalamu mwenye nia njema atafurahi kuipata karatasi hiyo, kwa sababu hakuna satelaiti inayompa habari za namna hiyo.

Halafu muulize ule mpango wa awali uko wapi. Usione aibu kuuomba. Sema: kabla hatujatoa maoni kuhusu mpya, tusomeeni ule wa zamani ulisema nini kuhusu Itezi, kipi kimefanyika, kipi hakikufanyika na kwa sababu gani. Swali hilo moja litabadilisha mkutano mzima. Ikiwa hakukuwa na fedha, waseme. Ikiwa kiwanja cha wazi kiligawiwa mtu, wamtaje aliyeidhinisha, hata kama ni kwa cheo tu. Kupitia mpango bila maswali hayo ni kuhamisha makosa kutoka karatasi moja kwenda nyingine.

Kaka yako naye mwambie asikate tamaa. Mpango wa Dar wa 2016 hadi 2036 nao unapaswa kupitiwa, na Mbagala ina mambo yake ya kusema. Aende ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Temeke na namba ya kiwanja chake, au hata jina la mtaa na mjumbe wake kama hakijapimwa, aombe kuonyeshwa mchoro wa mipangomiji wa eneo lake na matumizi yaliyoandikwa pale alipo. Kama alijenga nyumba ya kuishi na mchoro unasema njia au eneo la wazi, bora ajue leo.

Mkutano ukiisha, usiondoke kabla hujahakikisha kuwa muhtasari umeandika maneno yenu kama mlivyoyasema, korongo kwa jina lake na mlima kwa jina lake. Omba nakala kwa mtendaji, iwe na mahudhurio. Rasimu ikitoka, ilinganishe na nakala hiyo. Kama mstari wa Kawetere haumo, andikeni pingamizi fupi, ukurasa mmoja, mkiambatisha ule mchoro wenu wa mkono na muhtasari, mumpelekee Mkurugenzi wa Jiji na nakala kwa diwani wenu. Mfanye hivyo kabla Baraza la Madiwani halijakaa, na mhakikishe barua imegongwa muhuri wa kupokelewa.